Gia Saba, Kilomita Tisa

Oktoba, dukani kwa Kyllikki, mjini Oulu.
Baiskeli mbili zimetundikwa darini kwa ndoana
na mimi chini yake, shingo nyuma,
mfukoni nina pesa za baiskeli moja.

Ya kushoto imeanika kila kitu:
vigurudumu tisa vya meno, kidogo hadi kikubwa,
cheni, na kimkono chembamba
cha kuisukuma huku na huko.
Ya kulia imefunga mdomo.
Gia zake zimo ndani ya kitovu cha gurudumu,
kopo la chuma nene kuliko ngumi yangu,
na nje huoni ila waya mmoja
unaoingia bila kupiga hodi.

“Ya kushoto,” asema Kyllikki, akijifuta mikono kwa suruali,
“ni nyepesi, na ikiugua utaona inapoumwa.
Ya kulia haiugui ovyo.
Lakini ikiugua, usiniletee Jumamosi.”

Nafua shuka za hospitali, zamu ya alfajiri.
Kilomita tisa kwenda.
Mji wenyewe umelala chali, tambarare,
kama shuka iliyokwisha kupigwa pasi;
mkunjo wake mmoja tu ni daraja.

Aulis, mume wangu, ana ya kushoto tangu ujana.
Huisugua kwa mswaki. Mswaki wako wa zamani, asema,
nami sina hakika na hilo neno zamani.
“Gia unayoiona ndiyo gia,” huniambia.
Miaka kumi na tisa nimeolewa naye,
ya ndani mwake sijayaona,
na bado anafanya kazi.

Nikanunua ya kulia.

Novemba nikacheka mimi.
Theluji ya majimaji, ile ya kijivu,
ilimganda Aulis kwenye meno
(ya baiskeli, namaanisha),
cheni ikaruka, ikaruka, ikagoma.
Akatoka na birika la maji moto.
Maji yakayeyusha barafu,
yakatulia kidogo,
yakawa barafu.
Nami nimesimama kwenye taa nyekundu
nabadili gia miguu ikiwa chini,
kama mtu anayehamisha sufuria
kutoka jiko hili kwenda lile.

Januari ikanicheka mimi.
Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
kope zinashikana ukipepesa.
Nikazungusha mkono wa gia: kimya.
Grisi imeganda ndani ya kopo.
Ya tatu. Ya tatu tu. Ya pili hakuna, ya nne hakuna,
na cha kupigwa mswaki hakuna,
cha kumwagiwa birika hakuna.
Nikamtukana Kyllikki kwa jina lake na la baba yake.

Nikaendesha.
Misumari ya tairi ikatafuna barafu
kama mtoto anayetafuna sukari guru usiku.
Darajani nikasimama juu ya pedeli,
nikapanda nikihema mawingu madogo,
nikashuka upande wa pili miguu ikizunguka bure.
Nikafika saa ileile ninayofika siku zote.

Ndipo, nikivua glovu, jozi ya kwanza na ya pili,
nikaanza kuhesabu.
Tangu Oktoba, ya tatu ndiyo gia yangu.
Zile sita nimezilipia zikae tu,
kama vikombe vya wageni kabatini
katika nyumba isiyo na wageni.

Aulis sijamwambia.

Sasa ni Mei, lami imekauka,
ananipita darajani akipiga mluzi,
cheni yake ikishuka jino hadi jino,
tik, tik, tik,
shida zake zote ziko hadharani na jua linaziwakia.
Nami nyuma yake, baiskeli kimya,
nazungusha mkono hadi ya saba,
si kwa haraka yoyote,
nataka tu kuifahamu.
Kitu humo ndani kinasogea.
Mguu unakuwa mzito.
Aulis anageuka kutazama niko wapi.